Kuisoma oganiki: nilichojifunza kwa sapu moja na sabuni ya mama

Wadogo zangu wanaokuja barazani kwangu kila Jumamosi, wengi wao wa kidato cha sita na wawili watatu wa chuo, hudhani nilizaliwa najua kuchora benzini, ile pete ya kaboni sita. Kwa hiyo huwa naanza na aibu yangu. Mwaka wa pili wa famasia nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, na sapu yenyewe ilikuwa ya oganiki, kemia ya vitu vyenye kaboni.

Sikuwa mvivu. Kaunta buku langu la kwaya tatu nililisoma mara sita, mwanzo hadi mwisho. Nililipaka njano, pinki na kijani mpaka likafanana na kanga. Usiku wa kuamkia mtihani ungeniamsha ningekutajia vitendanishi (kemikali za kumenyushia) vyote vya alkeni, zile molekuli zenye bondi mbili kati ya kaboni, kwa mpangilio uleule wa daftari, na ukurasa ningeuona kichwani pamoja na doa lake la chai. Asubuhi mtihani ukaja na molekuli ambayo daftarini haimo. Nikaandika namba yangu, nikachora pembe sita, nikakaa.

Nikarudi nyumbani Tanga nikiwa na wiki sita za kujiandaa. Mama yangu anapika sabuni ya kuuza: mafuta ya nazi na mawese kidogo, kostiki (magadi makali ya sabuni), ndoo ya plastiki, mwiko mrefu. Siku ya tatu alinikuta nimeinamia daftari lilelile.

"Mwanangu, hiyo unayosoma inahusu nini?"

"Hii hapa ndiyo sabuni yako, mama. Inaitwa saponifikesheni," nikamjibu kwa kujidai.

"Ehe. Mafuta hayapatani na maji, kostiki inachubua ngozi. Nikivikoroga pamoja napata kitu kinachopatana na maji na hakichubui. Humo ndani ya ndoo kumetokea nini?"

Nilikuwa na mlinganyo mzima kichwani, hata namba za kusawazisha. Jibu sikuwa nalo. "Inabadilika tu, mama."

Akacheka, akaendelea kukoroga. "Hata mimi najua inabadilika."

Usiku ule nilichukua kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikaanza upya.

Shibe na njaa

Karibu kila mmenyuko utakaokutana nao kwenye oganiki ni elektroni zinatoka zilikojaa kwenda zilikopungua. Nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu kidato cha tano, nikayaandika maneno hayo vizuri, nikayapita. Kosa langu lilikuwa hapo.

Rudi kwenye ndoo ya mama. Ndani ya mafuta kuna esta, yaani asidi iliyounganishwa na alkoholi; hapa alkoholi yenyewe ni gliseroli. Kaboni ya esta imeshikana na oksijeni mbili, na oksijeni ni mroho, huvuta elektroni upande wake. Kaboni inabaki na njaa. Kostiki ikiyeyuka majini inaleta haidroksidi, OH⁻, ambayo imeshiba hadi ina chaji hasi. Aliyeshiba anamwendea mwenye njaa: OH⁻ inajibandika kwenye kaboni. Kaboni ina mikono minne tu, wa tano haiwezi kuushika, kwa hiyo bondi mbili ya juu inafunguka na ile oksijeni inabeba elektroni. Oksijeni haikai nazo muda mrefu. Inazirudisha chini, bondi mbili inajengeka tena, na sasa lazima mmoja afukuzwe. Anatoka upande wa gliseroli. Asidi ya mafuta iliyobaki inampa protoni yake (H⁺) huyo aliyetoka, yenyewe inabaki na chaji hasi. Ndiyo sabuni: kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. OH⁻ imeshatumika, ndiyo maana sabuni haichubui, ilimradi mama hakuzidisha kostiki.

Nilipomweleza kwa maneno ya shibe na njaa alielewa kabla sijamaliza. Kisha akauliza swali lililokuja kutokea kwenye pepa yangu ya sapu, karibu neno kwa neno: mbona sabuni haigeuki ikarudi kuwa mafuta?

Zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi, kabla hata ya kugusa mimenyuko, ni hili. Chukua molekuli kumi kutoka daftari lako, yoyote ile. Kwa penseli weka + ndogo penye njaa na − ndogo penye shibe. Usitafute zao, yaani kitakachotoka kwenye mmenyuko. Weka alama tu, dakika kumi kila siku, kwa wiki mbili. Mnaniona nawachelewesha, najua. Mmoja aliniambia, "Dada, mtihani uko mwezi wa tano, sisi bado tunaweka vijumlishi?" Nikamwambia mdogo wangu, weka.

Mkia wa mshale

Mwanakemia Robinson na mwenzake Kermack waliitumia mishale ya kupinda mwaka 1922, na maana yake ni ileile mpaka leo: mkia unakaa elektroni zilipo, kichwa kinaonyesha zinakokwenda. Ukiona mshale wa mwanafunzi unaanzia kwenye H⁺ kwenda kwenye bondi mbili, jua amekariri picha. H⁺ haina elektroni hata moja, itatuma nini?

Chukua propeni na HBr, mfano ambao kila mtu anadhani anaujua. Chora CH₃–CH=CH₂. Elektroni zilizojaa ziko wapi? Kwenye bondi mbili. Njaa iko wapi? Kwenye H ya HBr, kwa kuwa bromini inavuta. Mshale wa kwanza unatoka katikati ya bondi mbili kwenda kwenye H. Wa pili unatoka kwenye bondi ya H–Br kwenda kwenye Br. Hapo simama, weka peni chini. H imekaa kwenye kaboni ipi? Ikikaa kaboni ya mwisho, chaji chanya inabaki kaboni ya katikati, yenye majirani wawili wa kuichangia elektroni. Ikikaa ya katikati, chaji inabaki ya mwisho, yenye jirani mmoja. Mwenye majirani wengi ana nafuu. Kwa hiyo Br⁻ inakuja katikati na unapata 2-bromopropeni... hapana, 2-bromopropani. Nimeliacha kosa hilo makusudi, maana ndilo mnalolifanya kila wiki: bondi mbili imekwisha, jina bado linaimba "-eni".

Walimu wengi hufundisha hapo kwa msemo wa mwenye nacho huongezewa, yaani kaboni yenye haidrojeni nyingi ndiyo inayoongezewa. Ni msemo mtamu, na mwanakemia Markovnikov alikwishaiona kanuni hiyo karne ya 19 kabla elektroni yenyewe haijagunduliwa mwaka 1897. Yeye alikuwa na sababu ya kuishia kwenye kanuni. Wewe huna. Jaribu 3-methilibyut-1-eni na HBr. Mwenye msemo ataandika 2-bromo-3-methilibyuteni au kitu cha namna hiyo na kuondoka kifua mbele. Anayechora mishale ataona chaji chanya imekaa jirani na kaboni yenye matawi matatu, na haidrojeni ya kaboni hiyo inahama pamoja na elektroni zake mbili ili chaji ikae penye nafuu zaidi. Kwa wingi unapata 2-bromo-2-methilibyuteni, tena usisahau "-ani" yako mwishoni: byutani.

Na ukiambiwa kuna peroksidi humo, kemikali inayopasuka na kuacha elektroni zisizo na mwenza? Kharasch na Mayo walilitatua hilo mwaka 1933. Safari hii anayetangulia kufika ni bromini yenye elektroni moja isiyo na mwenza, si haidrojeni. Anakaa kaboni ya mwisho kwa sababu ileile ya majirani, H inakuja baadaye, na unapata 1-bromopropani. Ukiwa na sababu, "kinyume cha kanuni" inakuwa kanuni ileile, aliyebadilika ni wa kwanza kufika tu. Ni HBr tu, lakini. HCl na HI usizihusishe.

Kalenda, manila na ndimu

Sasa jinsi ya kusoma kwenyewe. Kaunta buku nililifunga. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara moja, nalifunika, nachora kila kitu nyuma ya kalenda bila kuchungulia, kisha nafungua na kusahihisha kwa peni nyekundu. Kesho yake nauchora tena, baada ya siku tatu tena, baada ya wiki tena. Mara ya kwanza nilichora mmenyuko mmoja kati ya saba. Inauma, na ndiyo sababu watu wanakimbilia kusoma tena na tena: kusoma tena kunakupa raha ya kulitambua jambo, ukadhani unalijua. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hilo Marekani mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojijaribu bila kuangalia wakawaacha. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kadi nazo zinasaidia, ila watu wengi huziandika vibaya. Karatasi moja ya manila inatoa kadi nyingi, usibane. Kwa kila mmenyuko tengeneza kadi tatu. Ya kwanza ina mwanzo na kitendanishi, unadaiwa zao. Ya pili ina mwanzo na zao, unadaiwa kitendanishi. Ya tatu ina zao peke yake, unadaiwa mtu angelipataje. Hiyo ya tatu ndiyo inayotungwa kwenye mtihani, na ndiyo ambayo sikuwahi kuiona kwenye kadi za mtu yeyote darasani kwetu. Ziweke kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitatu: za kila siku, za kila siku ya tatu, za kila wiki. Ukiikosa, hata kama ulishaipeleka chumba cha wiki, inarudi chumba cha kwanza bila huruma.

Kuna kitu kimoja tu nilichokariri kwa moyo mkavu, na nawaruhusu mkikariri: ngazi ya pKa, namba inayoonyesha asidi inaachia protoni kwa urahisi gani. Asidi za kaboksili karibu 5, asidi ya kaboni inayotokana na bikaboneti karibu 6.4, fenoli karibu 10, maji na alkoholi karibu 16, alkaini ya mwisho 25, alkani karibu 50. Mwenye namba ndogo ndiye anayetoa protoni, aliye juu yake anapokea. Swali la kutofautisha fenoli na asidi ya kaboksili kwa bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia maandazi, linajijibu: 5 iko chini ya 6.4, povu la kabonidayoksaidi linatoka. 10 iko juu, kimya. Na swali la mama pia linajibika. Asidi ya mafuta iko 5, alkoholi iko 16. Protoni ikishatoka kwa wa 5 kwenda kwa wa 16 hairudi kirahisi, na sabuni iliyobaki na chaji hasi haina njaa tena ya kumpokea alkoholi.

Maumbo ya pande tatu hayaingii kwa kutazama karatasi. Nunua ndimu kumi, tano kwa kila umbo, na pakiti ya vijiti vya meno. Ndimu ya kati choma vijiti vinne vikitawanyika sawa, siyo msalaba, kama miguu ya kigoda iliyoongezwa mmoja wa juu. Paka ndimu nne za pembeni rangi nne kwa wino. Tengeneza nyingine kwa kuiga ile ya kwanza kwenye kioo. Kisha jaribu kuzilaza moja juu ya nyingine rangi zilingane. Hazilingani, kama kandambili ya kushoto isivyokubali mguu wa kulia. Kwa SN2, mmenyuko ambao mmoja anaingia kwenye kaboni papo hapo mwingine anapoondoka, mshambuliaji anatoka nyuma ya anayeondoka, na vijiti vitatu vilivyobaki vinapinduka kama mwamvuli kwenye upepo wa kusi. Mara moja ukiipindua kwa mikono yako, hutauliza tena kwa nini kaboni yenye matawi matatu inaikataa SN2: hakuna mlango wa nyuma.

Tumia pua yako

Hili ni langu mwenyewe, silioni likifundishwa. Oganiki iko jikoni na kabatini kwa dawa, ukiipa harufu haisahauliki. Dukani huwa nafungua kopo la aspirini iliyokaa muda mrefu kwenye joto, namwambia mwanafunzi anuse. Siki! Aspirini ina esta, unyevu umeivunja, asidi ya siki imetoka. Hiyo ni haidrolisisi ya esta, yaani kuvunjwa kwake na maji, umeinusa, na dawa hiyo hatuiuzi.

Karafuu ni nzuri zaidi. Kinachonukia ni yujinoli, C₁₀H₁₂O₂. Kabla ya kuuona mchoro wake, hesabu: kaboni 10 mara 2, jumlisha 2, toa haidrojeni 12, gawa kwa 2. Unapata 5. Yaani kuna jumla tano ya pete na bondi za ziada. Nne zinanuka benzini moja kwa moja, moja inayobaki ni bondi mbili mahali fulani. Halafu jiulize ungeijuaje maabara: maji ya bromini yanapoteza rangi, feri kloraidi inatoa rangi kwa sababu kuna fenoli. Molekuli moja ya Pemba inakufanyia marudio ya mada tatu.

Diskasheni

Kwa ufupi, diskasheni nyingi ni mtu mmoja anahubiri na wengine wanaitikia. Kwangu chaki anashika asiyejua, na aliyejua haruhusiwi kuinuka. Anaruhusiwa kuuliza tu, "elektroni ziko wapi?" Ni polepole na inakera. Watu wasizidi wanne.

Mitihani ya nyuma na safari ya kinyumenyume

Usiisome mitihani ya nyuma, ifanye. Saa mezani, simu kwa mwenzako. Ukimaliza tafuta mshale wa kwanza uliokosea, siyo jibu la mwisho, maana ukikosa hapo yanayofuata yote ni ajali ya hapo. Andika kosa hilo kwenye daftari dogo. La kwangu baada ya wiki mbili lilionyesha kwamba makosa yangu 31 yalikuwa ya aina tatu tu: kaboni yenye mikono mitano, chaji iliyosahaulika, na mshale kutoka kwenye H. Sikuwa mjinga wa oganiki nzima, nilikuwa mjinga wa vitu vitatu.

Maswali ya "tengeneza hiki kutoka kile" yanatisha kwa sababu watu wanaanzia mwanzo. Anzia mwisho, kama unavyopanga safari ya Mbeya: kwanza unauliza basi gani linaingia Mbeya, halafu linapitia wapi, ndipo unafika kwenu Tanga. Mwanakemia E. J. Corey alipata Nobel mwaka 1990 kwa kuipa fikra hiyo taratibu zake. Mfano: tengeneza ethili ethanoeti, ukiwa na etheni tu kama chanzo cha kaboni. Esta inatoka wapi? Asidi na alkoholi. Alkoholi ya kaboni mbili inatoka wapi? Etheni na maji, kwa msaada wa asidi ya salfuriki. Asidi ya kaboni mbili je? Ethanoli hiyohiyo, ikioksidishwa na potasiamu daikrometi yenye asidi. Basi ethanoli yako igawe mafungu mawili, moja liokside, lingine liache, kisha viunganishe kwa moto na matone ya asidi ya salfuriki. Mwanzo wa swali umeufikia bila kuutazama.

Sapu nilifaulu. Chuoni kwetu sapu hata ukipata zote unaandikiwa C, kwa hiyo kwenye matokeo yangu kuna C ya oganiki hadi leo, na kalenda zile mama alizifungia vipande vya sabuni vya kuuza.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Ameanza kutia mafuta ya karafuu kwenye sabuni, wateja wameipenda, lakini ikishatiwa inaganda haraka kabla hajaimimina kwenye vibao. Kwa nini? Nimewapa wa Jumamosi kama kazi ya nyumbani. Nimewaambia waanzie kwenye fenoli ya ngazi ya 10 ikikutana na kostiki, na wasije na maneno, waje na mishale.